Mafua yanayorudi kila kipupwe, na kichomi kilichokuja nyuma yake

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la pili huku Njombe. Kila mwaka baridi ya Juni na Julai ikishika, mafua sikosi, lakini safari hii yalikuwa mengine kabisa. Yalinianza ghafla kipindi cha nne. Kufika jioni nina homa kali, mifupa yote inauma, hata kikombe cha uji sikiwezi. Siku ya sita nikapata nafuu, nikaanza kula. Siku ya nane homa ikarudi, na sasa ikaja na kichomi ubavuni na makohozi ya rangi ya kutu. Nikalazwa siku tano kwa nimonia. Nina miaka 38, sina kisukari, VVU nimepima sina. Mwili wangu umeugua mafua mara ngapi sijui, mbona haujifunzi? Na kwa nini nimonia ije wakati ninapona? Jirani ananishauri ninunue vidonge vya kuongeza kinga. Je, kinga yangu ni dhaifu?

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Nashukuru umehesabu siku, maana hesabu yako imenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Nianze na swali la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Katika yote uliyoandika sijaona dalili ya kinga dhaifu. Mtu wa miaka 38 asiye na kisukari wala VVU, anayeanza kutoka kwenye homa kali ndani ya siku sita, ana kinga inayofanya kazi. Ile homa, ile mifupa kuuma, ule mwili kulegea kama umepigwa, kwa sehemu kubwa vililetwa na mwili wako mwenyewe ukiwa vitani. Na kichomi kilipita kwenye majeraha yaliyoachwa na vita hiyo hiyo.

Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo hapa. Tunaita mafua kila kinachotiririsha kamasi, kumbe virusi vinavyofanya hivyo ni vya jamii nyingi. Rinovirusi, jamii mojawapo ya hizo, peke yake vina aina zaidi ya 150. Mafua ya kawaida huanza taratibu, koo linawasha, pua inaziba, mtu anaendelea na kazi huku anapenga. Influenza, ambayo wataalamu wetu huiita homa ya mafua, humwangusha mtu kwa saa chache, na mgonjwa mara nyingi hukumbuka hata saa yenyewe, kama wewe unavyokumbuka kipindi. Kipimo cha maabara ndicho kingekata shauri, lakini simulizi yako inaelekea kwenye influenza, nami nitajibu kwa msingi huo. Ina maana pia kwamba mafua yako ya miaka iliyopita huenda mengi hayakuwa ugonjwa huu. Mwili uliojifunza aina moja ya rinovirusi haujui lolote kuhusu influenza.

Influenza ni ugonjwa wa mlangoni. Kwa kawaida virusi vyake havisambai kwenye damu. Huzaliana katika safu ya seli iliyotanda ndani ya pua, koo na mirija ya hewa, na mambo yakiharibika, hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Nyingi ya seli hizo zina vinyweleo vidogo mno, vinavyopiga kasia kwa pamoja zaidi ya mara kumi kwa sekunde na kusukuma ute kuelekea kooni. Vumbi la chaki unalovuta darasani hunaswa kwenye ute huo, likarudishwa juu ukalimeza bila kujua. Virusi navyo hunaswa vivyo hivyo. Ute umejaa sukari iitwayo asidi ya sialiki, ileile iliyopo juu ya seli, na kirusi kina protini ya hemaglutinini inayong'ang'ania sukari hiyo. Kingebaki kimenasa hapo, ila kina protini ya pili, neuraminidasi, inayoikata sukari kama mkasi na kukifungulia njia. Hizo ndizo H na N mnazozisikia katika majina kama H1N1 na H3N2. Dawa ya oseltamiviri huuziba mkasi huo, ndiyo maana inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zitokee, kabla virusi havijatapakaa. Kirusi kikishapenya, seli huanza kutoa virusi vipya katika muda wa saa sita hadi nane hivi. Fanya hesabu mwenyewe ujue ni vizazi vingapi vinapatikana kwa siku mbili.

Seli iliyovamiwa haifi kimya. Mwaka 1957, katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua utando wa ndani ya yai la kuku, wakauweka pamoja na virusi vya influenza vilivyouawa kwa joto, kisha wakajaribu kuuambukiza virusi hai. Utando ukakataa. Majimaji yaliyouzunguka yalipohamishiwa kwenye utando mwingine, nao ukakataa. Kulikuwa na kitu ambacho seli za kwanza zilikitoa kuwaonya wenzao, wakakiita interferoni. Ni moja ya ugunduzi mkubwa katika elimu ya kinga, na ulitoka kwenye ugonjwa huu tunaoudharau. Seli jirani zikipata onyo hilo huwasha mamia ya jeni. Nyingine huzuia kirusi kupenya, nyingine hukatakata maagizo yake ya urithi, nyingine husimamisha kiwanda cha protini ili kirusi kisipate pa kujijengea.

Kirusi nacho kimejiandaa. Kina protini iitwayo NS1 ambayo kazi yake kubwa ni kuinyamazisha kengele hiyo. Ndiyo maana kwa siku moja au mbili, wakati mwingine hadi nne, mtu huwa ameambukizwa na hajisikii lolote, na siku ya mwisho kati ya hizo anaweza tayari kuwaambukiza wengine. Kengele ikikosekana kabisa, hali huwa mbaya sana. Mwaka 2015 iliripotiwa habari ya mtoto wa Ufaransa aliyeponea chupuchupu influenza akiwa na miaka miwili na nusu. Ilionekana kwamba amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili hitilafu kwenye jeni ya IRF7, ambayo bila yake interferoni haitoki ya kutosha. Kinga dhaifu dhidi ya influenza hufanana na hiyo, Mwalimu. Haifanani na yako.

Kengele ikishalia vya kutosha, seli nyeupe za mapafuni, hasa makrofaji, hutoa kemikali za kupeana habari ziitwazo saitokini. Hizo huagiza askari zaidi kutoka kwenye damu, na hufika hadi kwenye ubongo kupandisha joto la mwili. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha, kwa panya, kwamba kuna kikundi kidogo cha neva kooni kinachotambua prostaglandini, kemikali za maumivu na homa zinazotolewa penye maambukizi, na kupeleka habari moja kwa moja kwenye ubongo. Neva hizo zikiondolewa, panya mgonjwa huendelea kula, kunywa na kuzunguka zaidi ya wenzake. Kwa hiyo kukosa hamu ya kula na kutotaka kushika hata kikombe ni amri iliyotolewa na mwili, kwa njia zake maalumu. Parasetamoli na ibuprofeni hupunguza prostaglandini, na ndiyo maana unapata nafuu ilhali hakuna kirusi hata kimoja kilichokufa. Zitumie kwa kipimo bila hofu. Ila kwa kuwa unashinda na watoto, usimpe mtoto mwenye homa ya namna hii aspirini, kwani inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo.

Ukiwa umelala, kuna kazi ilikuwa inaendelea ambayo hukuisikia. Seli za dendriti, walinzi wa kinga wanaopeleka habari, zilichukua vipande vya kirusi kutoka kwenye njia ya hewa zikavipeleka kwenye tezi za limfu za karibu, kuwatafuta, kati ya mamilioni ya seli T na seli B, ambazo ni seli nyeupe za kinga, wale wachache ambao vipokezi vyao vinalingana na vipande hivyo. Wakipatikana, huanza kuzaliana. Kuzaliana huko hula siku kadhaa na hakuharakishwi kwa tangawizi wala kwa maombi ya jirani. Seli T zilizo tayari hufika mapafuni kwa wingi kati ya siku ya tano na ya saba tangu kuambukizwa. Kingamwili mpya, yaani protini zinazotolewa na seli B ili kumnasa adui, hufuata katika wiki ya pili. Sasa itazame kalenda yako. Nafuu yako ya siku ya sita iliangukia palepale.

Lakini namna seli T zinavyoshinda inahitaji kuelezwa bila kuficha. Kirusi kimejificha ndani ya seli zako. Seli T uaji haziwezi kukitoa. Huua seli nzima pamoja na mgeni wake. Nyingi nyingine zimeshakufa kwa kirusi chenyewe. Matokeo yake, ushindi ukipatikana, sehemu kubwa ya ukuta wa njia ya hewa imebomoka. Vinyweleo vimeanguka, ute umelala, na chini yake ni utando mtupu unaosubiri seli mpya. Kuota upya huanza baada ya siku chache, ila kukamilika huchukua wiki kadhaa.

Hapo ndipo kichomi kilipopata upenyo. Bakteria aitwaye nimokokasi huishi puani mwa watu wengi bila kuwadhuru, hasa watoto wadogo, na wewe unashinda nao darasani. Siku za kawaida akishuka kuelekea mapafuni, vinyweleo humrudisha na makrofaji humla. Baada ya influenza vinyweleo havipo. Mkasi wa kirusi umekatakata sukari juu ya seli na kuacha wazi sehemu ambazo bakteria hushika. Jambo la tatu ndilo linalonigusa zaidi: zile kemikali zilizokuokoa na kirusi zinawafanya makrofaji kuwa wazito wa kula bakteria. Kwa panya hili limethibitishwa kwa interferoni ya gama, inayotolewa na seli T hizohizo za siku za mwisho. Ni kana kwamba mwili, ukijua umeumia, unawazuia askari wasiendelee kuchoma nyumba, na mwizi anapitia dakika hiyo. Homa kupungua siku mbili kisha kurudi na kichomi na makohozi ya rangi ya kutu ni picha ambayo madaktari wanaifahamu kwa zaidi ya karne moja. Wengi wa waliokufa katika mlipuko wa 1918, uliofika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa meli, hawakuuawa na kirusi peke yake, bali na nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma yake, na wakati ule hapakuwa na antibayotiki. Hata Richard Pfeiffer, mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani, alipowakuta bakteria kwenye makohozi ya wagonjwa mwaka 1892, aliamini hao ndio chanzo cha influenza, na bakteria huyo anaitwa Haemophilus influenzae hadi leo. Kirusi chenyewe kilipatikana kwa binadamu mwaka 1933.

Kwa hiyo antibayotiki ulizopewa wodini zilikuwa sahihi kabisa. Lakini usichukue hapo funzo la kununua amoksilini siku ya kwanza ya mafua mengine. Siku ya kwanza adui ni kirusi, na antibayotiki haimgusi.

Sasa mbona mwili haujifunzi? Unajifunza vizuri sana. Tatizo la kwanza ni kwamba kirusi hubadili vazi. Maagizo yake ya urithi yameandikwa kwa RNA, na kinapojinakili hukosea mara kwa mara bila kujisahihisha. Makosa yanayobadili umbo la hemaglutinini huviwezesha virusi kuzikwepa kingamwili zako za zamani. Tena maagizo hayo yamegawanyika vipande vinane, na virusi viwili tofauti vikikutana katika seli moja, ya nguruwe tuseme, hubadilishana vipande, kikatoka kitu kipya kabisa. Milipuko ya 1957, 1968 na 2009 ilitokana na michanganyo ya namna hiyo. Kumbukumbu ya mwili hata hivyo ni ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2009 H1N1 mpya ilipoenea duniani, wazee wengi waliozaliwa kabla ya 1957 waliambukizwa kwa uchache kuliko vijana, kwa sababu utotoni walikutana na vizazi vya kirusi cha 1918, na miongo mingi baadaye miili yao ilikuwa bado inavikumbuka.

Tatizo la pili linasemwa mara chache, na kwangu ndilo kiini cha swali lako. Chukua surua. Mtu akiugua surua mara moja, kwa kawaida haugui tena. Kirusi cha surua kikiingia hutumia siku kumi au zaidi kikisafiri mwilini kabla hujaona vipele, na muda huo unatosha kumbukumbu iliyolala kwenye tezi na kwenye uboho wa mifupa kuamka. Influenza haisafiri. Inashuka mlangoni, inazaliana palepale, na kwa siku mbili umeshaugua. Kumbukumbu iliyoko mbali inachelewa. Kinachoweza kuizuia ni ulinzi unaoishi mlangoni wenyewe, yaani kingamwili za IgA zinazomwagwa kwenye ute wa pua, na seli T zinazobaki ndani ya mapafu na pua baada ya vita. Bahati mbaya ulinzi huo wa mlangoni hufifia. Seli T za mapafuni, katika panya, hupungua sana ndani ya miezi michache. Nina maelezo yangu juu ya hilo, ingawa ni maoni tu: mapafu ni kiungo chembamba mno, kuta za vifuko vyake ni nyembamba kuliko karatasi, na mwili hauwezi kuweka jeshi kubwa lenye silaha hapo mwaka mzima bila kuzuia pumzi yenyewe.

Ndiyo maana neno kuongeza kinga linanisumbua. Linadhania kinga ni kama maji kwenye pipa, yakiwa mengi ndiyo heri. Mwaka 1997, Hong Kong, virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 viliambukiza watu 18 na sita wakafa. Virusi vya ndege hupendelea aina ya asidi ya sialiki ambayo kwa binadamu inapatikana zaidi ndani kabisa ya mapafu, na wagonjwa wa H5N1 waliopimwa, hasa waliofariki, walikutwa na viwango vya juu mno vya saitokini. Vifuko vyao vya hewa vilijaa majimaji huku kinga ikiwa juu kupita kiasi. Unachohitaji ni kinga inayowahi kufika, yenye shabaha, inayojua pia kunyamaza. Hakuna kidonge cha dukani kinachoipa kinga shabaha. Vitamini C ikitumiwa kila siku hufupisha mafua ya kawaida kwa kiasi kidogo, haizuii kuugua, na machungwa yanakupa ya kutosha. Chai ya tangawizi na limau inywe, inatuliza koo na inaongeza maji mwilini. Nyungu sikushauri, mvuke haufikii virusi vilivyomo ndani ya seli, na nimeona watu wazima na watoto waliobabuka kwa sufuria iliyopinduka. Ukiniuliza hela ya vidonge iende wapi, nitasema kwenye mayai, mboga na kuni za kupasha chumba moto, huku dirisha likiwa na mwanya wa kupitisha moshi, kwa sababu moshi nao huvidhoofisha vinyweleo nilivyokueleza.

Kinachotoa shabaha ni chanjo. Chanjo ya sindano hujaza kingamwili za IgG kwenye damu, na sehemu yake hupenya hadi mapafuni, ila puani hufika kidogo. Kwa hiyo waliochanjwa wengine huugua, lakini uwezekano wa kulazwa hupungua. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza ugonjwa wa kumpeleka mtu kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Ipo pia ya kupuliza puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, inayoamsha ulinzi wa mlangoni zaidi. Uingereza huwapa watoto hiyo. Kwetu Tanzania chanjo ya influenza haimo kwenye ratiba ya kawaida, utaipata kwenye baadhi ya hospitali kubwa na vituo vya chanjo za wasafiri, kwa kulipia. Ukiamua, ulizia toleo la kizio cha kusini, yaani nusu ya kusini ya dunia, ambalo aina zake za virusi huchaguliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kila Septemba, na uchome Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa sababu kingamwili huhitaji kama wiki mbili kupanda na baridi yenu haingoji. Kwa mwalimu aliyekwisha kulazwa mara moja, mimi ningechoma. Muulize pia daktari wako kama inafaa upate chanjo ya nimokokasi ya watu wazima. Darasani, acha madirisha wazi hata kama kuna baridi, na mtoto mwenye homa abaki nyumbani.

Hukuniuliza kuhusu kikohozi, lakini nadhani bado unacho. Vinyweleo vikiwa vinaota upya, kikohozi kikavu kinaweza kukaa wiki tatu au zaidi, hasa usiku na asubuhi ya baridi, na hakihitaji antibayotiki nyingine. Hata hivyo kwa nchi yetu utaratibu ni kwamba kikohozi kikifika wiki mbili, mtu apime kifua kikuu. Kama chako kimefika huko, nenda na makohozi ya asubuhi kwenye kituo cha afya kilicho karibu, hata kama una uhakika ni mabaki ya mafua. Na ukianza kupungua uzito, kutoka jasho la usiku, au kuona damu kwenye makohozi, usingoje siku nyingine.